Milioni Moja ya Saini Inapima Nini?

Machi 2016, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ya Kenya ilitangaza namba ambayo haijanitoka kichwani hadi leo: 891,598. Hizo ndizo saini zilizobaki baada ya tume kuchambua karatasi za Okoa Kenya, kampeni ya muungano wa upinzani wa CORD uliotaka Katiba ifanyiwe marekebisho. Wenyewe walidai wamepeleka saini zipatazo milioni 1.6. Katiba inataka milioni moja. Ikawa basi. Mchakato ukafia mezani pa tume, kabla ya bunge hata moja la kaunti kuujadili.

Wa upande ule walilia kwamba wamedhulumiwa. Wa upande wa pili wakashangilia, wakasema nchi imeonyesha haitaki mabadiliko. Mimi sikuona kama nchi ilikuwa imesema lolote, la kutaka wala la kukataa. Tangu siku hizo, kila anapopita mtu na fomu na kalamu, hujiuliza tunapima nini hasa tunapohesabu saini. Tunapima matakwa ya mpiga kura, au tunapima misuli ya aliyemtuma mwenye kalamu?

Nimefikia jibu, na nalisema mapema ili msomaji anipinge vizuri. Saini, kwa jinsi tunavyozikusanya Kenya, zinapima mtandao wa mkusanyaji. Kura ya maamuzi inaweza kupima matakwa ya watu, lakini pale tu ambapo aliyeuliza swali anaweza kushindwa, na anajua hivyo.

Tuifungue sheria kwanza. Kifungu cha 257 cha Katiba ya 2010 kinampa raia njia ya kubadilisha Katiba bila kumpigia mbunge magoti. Unakusanya saini za wapiga kura milioni moja waliosajiliwa, unaandaa mswada, unaupeleka kwa tume. Tume ikiridhika, mswada unakwenda kwa mabunge ya kaunti zote 47, ambayo yana miezi mitatu ya kuamua. Mabunge 24 yakiupitisha, unaingia Bunge la Taifa na Seneti. Ukigusa mambo mazito, kama muhula wa rais, uhuru wa mahakama au ugatuzi, lazima uende kwa wananchi wakaupigie kura. Na hata bunge mojawapo kati ya hayo mawili likiukataa, bado unakwenda kwa wananchi. Walioandika kifungu hiki walijua kwamba kuna siku wabunge watataka kukalia jambo ambalo watu wanalitaka, na wakaacha mlango. Nakipenda kifungu hiki. Ni moja ya sababu zilizonifanya niipende Katiba ile tangu siku ilipozinduliwa Uhuru Park, tarehe 27 Agosti 2010.

Lakini iangalie ile milioni moja. Mwaka 2010 daftari la wapiga kura lilikuwa na watu milioni 12.6, kwa hiyo milioni moja ilikuwa karibu mtu mmoja katika kila 13. Kufikia 2017 daftari lilikuwa na milioni 19.6. Mwaka 2022 likapita milioni 22. Sasa tunazungumzia mtu mmoja katika kila 22. Kila daftari linapokua, kizingiti kinashuka kwa mwenye pesa na mawakala kila wadi, na kwa asiye navyo kinabaki palepale. Milioni moja ya saini ni fomu kwa maelfu, ni nauli na chakula cha vijana wa kuzunguka, ni watu wa kuingiza majina kwenye kompyuta usiku na mchana, ni gari la kwenda Mandera na jingine la kwenda Kwale. Chama cha akina mama wa Kongowea hakina uwezo huo, hata kama kila mteja anayepita sokoni anakubaliana nao. Ndiyo maana ukitazama waliojaribu tangu 2010, unakuta muungano wa vyama, unakuta magavana na kampeni yao ya Pesa Mashinani, unakuta chama cha siasa, unakuta rais na kiongozi wa upinzani waliopeana mkono. Mwananchi wa kawaida, ambaye kifungu kiliandikwa kwa ajili yake, humwoni kwenye orodha.

Chama cha siasa ninachokisema ni Thirdway Alliance cha Ekuru Aukot, na mswada wake wa Punguza Mizigo. Huu ndio uliokaribia zaidi kuwa wa watu wa chini. Ulitaka wabunge wapunguzwe kutoka 416 hadi 147, na rais atawale muhula mmoja wa miaka saba. Julai 2019 tume ikathibitisha saini 1,222,541. Kwa mara ya kwanza milioni ilikuwa imetimia. Kisha mswada ukapelekwa kwa mabunge ya kaunti, na huko ukapigwa teke karibu kila mahali. Haukukaribia hata kidogo zile kaunti 24. Wakenya zaidi ya milioni moja walikuwa wamesema wazi, kwa majina yao na namba za vitambulisho, kwamba wawakilishi wamekuwa wengi na ni ghali. Waliokabidhiwa kazi ya kuamua kama jambo hilo lifike kwa wapiga kura ni wawakilishi.

Halafu ikaja BBI, yaani Building Bridges Initiative, mpango wa rais na kiongozi wa upinzani wa kubadilisha Katiba. Machi 2018 Uhuru Kenyatta na Raila Odinga walipeana mkono kwenye ngazi za Harambee House. Likaundwa jopo, zikatoka ripoti, na mwishoni mwa Novemba 2020 ukusanyaji wa saini ukazinduliwa kwa shangwe ukumbini KICC. Muda haukupita, Desemba hiyohiyo saini zaidi ya milioni 4 zikafikishwa kwa tume. Linganisha na Okoa Kenya iliyohangaika miezi na miezi. Je, matakwa ya Wakenya yalikuwa yameongezeka zaidi ya mara mbili kati ya 2016 na 2020? Kilichoongezeka ni kwamba safari hii serikali na upinzani walikuwa wamekaa meza moja, na ngazi zote zilizo chini yao, kuanzia magavana hadi wazee wa mitaa, zilijua upepo unavuma kutoka wapi.

Januari 2021 tume ikatangaza kwamba saini 1,140,845 zimethibitishwa. Hapa pana jambo ambalo halikujadiliwa vya kutosha. Tume yenyewe ilieleza kwamba haina hifadhi ya saini za wapiga kura za kulinganishia. Iliweza kulinganisha majina na namba za vitambulisho na daftari, lakini ile saini yenyewe, ule mchoro wa mkono wa mtu unaosema "nimekubali", haikuwa na namna ya kujua kama ni wa mwenyewe. Orodha ilipowekwa mtandaoni watu wajikague, baadhi ya Wakenya walikuta majina yao humo wakasema hawajawahi kutia saini popote. Namba ya kitambulisho cha mtu katika nchi hii inaandikwa kila lango la jengo, kila duka la kutuma pesa, kila ofisi. Iko kwenye madaftari mangapi? Kuwa na namba yangu si sawa na kuwa na ridhaa yangu.

Nimewahi kuona saini ikizaliwa. Nilikuwa kwa kinyozi mtaani Kisauni, nasubiri zamu. Akaingia kijana mwenye ubao wa kuandikia na fomu zilizochapishwa safu za jina, kitambulisho, kaunti, eneobunge, wadi, na mwishoni kabisa kijisanduku cha saini. Nje ya kibanda alikuwepo mama mmoja anayeuza viazi karai, mtu mzima, jirani yetu sote. Kijana akaanza na yeye.

"Mama shikamoo. Nipe kitambulisho nikujazie hapa."

"Marahaba mwanangu. Cha nini?"

"Ni mambo ya katiba."

"Katiba yafanywa nini?"

"Yarekebishwa, mama. Wewe tia tu saini hapa, mimi nitajaza hayo mengine."

Mama akafuta mikono kwa leso, akaifunua pembe iliyofungwa fundo, akatoa kitambulisho. Akatia saini polepole, kwa herufi za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Nilimwomba kijana anionyeshe huo mswada. Hakuwa nao. Alisema utapatikana kwenye simu, ila jina la tovuti hakulijua. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana asiye na kazi aliyepewa fomu na ahadi ya posho. Haijalishi ilikuwa kampeni ya nani. Kwa taratibu za tume saini ile ni halali kabisa: jina lipo, namba ipo, mama yumo kwenye daftari. Lakini ukiniuliza mama alikuwa ameeleza matakwa gani, nitakuambia alikuwa amemsaidia mtoto wa jirani kupata hesabu yake ya siku.

Na kuna upande wa pili, ulio mzito kuliko huo. Saini si siri. Unaacha jina lako, kitambulisho chako na wadi yako mikononi mwa mtu usiyemjua, na karatasi hiyo inakwenda usikojua. Kwa nchi iliyopita katika machafuko ya uchaguzi ya 2007 na 2008, ambako jina lako la pili lilitosha kukutoa nyumbani, hilo si jambo dogo. Mtu anayeunga mkono jambo linalochukiwa na wakubwa wa eneo lake atafikiri mara mbili kabla ya kulitilia saini. Asiyeliunga mkono, lakini anaona mzee wa mtaa amesimama pale anatazama, atatia. Kwa hiyo makosa ya saini hayaendi ovyo huku na huku yakafutana. Yanaegemea upande mmoja, upande wa mwenye nguvu.

Kura nayo je?

Mwaka 2005 serikali ya Mwai Kibaki ilileta rasimu ya katiba kwa wananchi. Waliokubali walipewa alama ya ndizi, waliokataa chungwa. Serikali ilikuwa na kila kitu: magari, redio ya taifa, mawaziri, hati za ardhi za kugawa majukwaani. Tarehe 21 Novemba watu wakapiga kura, na chungwa likashinda kwa takriban asilimia 58. Kibaki alitoka akakubali kwamba watu wamesema, kisha siku mbili baada ya kura akavunja baraza lake la mawaziri. Katika historia yetu yote sijui siku nyingine ambayo rais aliye madarakani aliuliza swali, akajibiwa hapana, na jibu likasimama.

Wapo wanaosema kura ile haikuwa na uhusiano na katiba, kwamba watu walikuwa wakimhukumu Kibaki kwa mkataba wa 2002 wa kugawana madaraka na akina Raila, alioudharau. Wana haki kiasi. Mkoa wa Kati ulisema ndiyo kwa wingi wa kutisha, Nyanza ikasema hapana kwa wingi wa aina hiyohiyo, na haiwezekani mikoa miwili isome rasimu moja ya kisheria na ielewe kwa tofauti kubwa hivyo. Lakini hata hivyo nasema kilichopimwa kilikuwa kitu cha kweli. Wapiga kura walikuwa wakisema kwamba hawamwamini anayewaletea karatasi hii, na katiba ni nini kama si swali la nani unamwamini na mamlaka?

Mwaka 2010 nilikuwa mtazamaji wa kura kwa niaba ya kikundi cha mtaa, kwenye darasa la shule ya msingi huku pwani. Kijani kilikuwa Ndiyo, nyekundu Hapana. Vituo vilipofungwa jioni, madawati yakasogezwa, sanduku likamwagwa juu ya meza ya mwalimu. Msimamizi wa kituo akawa anaokota karatasi moja moja, anaifunua, anaiinua juu ili mawakala wa pande zote mbili waione, kisha anatamka. Ndiyo. Ndiyo. Hapana. Ndiyo. Wakala wa Hapana alikuwa mzee wa kanisa, amevaa koti licha ya joto lile. Hakuipenda katiba ile kwa sababu ya mahakama za kadhi na kifungu cha uavyaji mimba, na alinieleza hivyo waziwazi bila chuki. Kuna karatasi moja mpiga kura alikuwa ameweka alama katikati, baina ya visanduku viwili. Msimamizi akaiinua muda mrefu zaidi. Wakala wa Ndiyo akasema imeharibika. Mzee akaitazama, akakubali. Ikawekwa kando. Mwishoni mzee aliweka sahihi yake kwenye fomu ya matokeo, ingawa upande wake ulikuwa umeshindwa vibaya darasani mle, na nchi nzima takriban theluthi mbili walikuwa wamesema ndiyo.

Hapo ndipo ilipo tofauti na yale ya kibanda cha kinyozi. Karatasi ya saini inapita katika mikono ya upande mmoja tangu inapochapishwa hadi inapofika tume. Karatasi ya kura inapigwa faraghani, kisha inafunuliwa hadharani mbele ya mtu anayetamani iseme kinyume. Mzee yule alipotia sahihi, namba ile ilikuwa imepita mtihani ambao hakuna fomu ya saini imewahi kuupita.

Sitaki kuipamba kura kupita kiasi. Katiba ya 2010 ina vifungu 264, na kila mtu alipewa neno moja tu la kujibu. Mzee wa kanisa hakuwa na kisanduku cha kusema "nakubali ugatuzi, nakataa kile kingine". BBI ingekuwa mbaya zaidi kwa hilo. Ndani ya mswada mmoja walifunga cheo cha waziri mkuu, maeneobunge mapya 70, ahadi ya asilimia 35 ya mapato kwa kaunti na hazina ya maendeleo ya wadi. Anayetaka pesa za kaunti yake ameze na waziri mkuu. Swali lililofungwa hivyo haliwezi kuleta jibu safi, hata likihesabiwa na malaika.

Hatukufika huko. Februari 2021, katika siku zilezile ambazo madiwani walikubaliwa ruzuku ya magari ya shilingi milioni 2 kila mmoja, mabunge ya kaunti zaidi ya 40 yakaupitisha mswada. Baringo likawa la kwanza kuukataa. Bunge na Seneti zikapitisha mwezi Mei. Tarehe 13 Mei majaji watano wa Mahakama Kuu wakausimamisha, na Machi 31, 2022 Mahakama ya Juu ikamaliza mjadala: rais hawezi kuanzisha mchakato wa Kifungu cha 257, kwa kuwa njia hiyo ni ya wananchi. Nilifurahi, na bado nafurahi. Walichosema majaji kwa lugha ya kisheria ndicho alichokiona kila aliyesimama pale KICC kwa macho ya kawaida, kwamba saini zile zilianzia juu zikashuka chini.

Kwa kura iliyoulizwa vizuri, mimi hutazama ng'ambo ya mpaka, Zanzibar. Novemba 2009 Rais wa Zanzibar Amani Karume na kiongozi wa upinzani Maalim Seif Sharif Hamad walikutana na kuanza maridhiano, baada ya miaka ya chaguzi za machozi na mauaji ya Januari 2001. Tarehe 31 Julai 2010, siku chache tu kabla ya kura yetu ya Kenya, Wazanzibari waliulizwa jambo moja: mnakubali kuwe na Serikali ya Umoja wa Kitaifa baada ya uchaguzi? Asilimia 66.4 walikubali, 33.6 wakakataa. Oktoba mwaka huohuo ukaja uchaguzi wenyewe, na Ali Mohamed Shein wa CCM akampita Maalim Seif kwa asilimia 50.1 dhidi ya 49.1.

Ziweke namba hizo pamoja. Kwa uchaguzi peke yake ungesema visiwa vimepasuka katikati na hakuna jambo la kuwaunganisha. Ile kura ya maoni ilikuwa imeonyesha, miezi mitatu kabla, kwamba theluthi mbili ya watu haohao walikuwa tayari kutawaliwa pamoja, awe mshindi ni nani. Uchaguzi usingeweza kuuliza hilo. Viongozi wote wawili waliunga mkono Ndiyo, na bado mtu mmoja katika kila watatu alisema hapana, kwa siri, na akahesabiwa. Hiyo theluthi inanifanya niziamini zile theluthi mbili. Miaka iliyofuata ilikuwa migumu, uchaguzi wa 2015 ukafutwa na mengine mengi, lakini mfumo ule wa umoja ulibaki kwenye Katiba ya Zanzibar, na Desemba 2020 Maalim Seif aliapishwa tena kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais, miezi michache kabla ya kufariki.

Tanzania hiyohiyo ina swali lililoandaliwa likaachwa bila kuulizwa. Katiba Inayopendekezwa ilipitishwa na Bunge Maalum Dodoma Oktoba 2014, baada ya wajumbe wa UKAWA, muungano wa upinzani, kutoka nje. Kura ya maoni ilipangwa iwe tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa wiki chache kabla kwa sababu uandikishaji wa wapiga kura haukuwa umekamilika, na hadi leo haijapigwa. Hakuna anayeweza kusema Watanzania waliikubali au waliikataa. Na ina mfano mwingine wa zamani ambao hunisumbua kwa namna yake. Tume ya Jaji Francis Nyalali ilipokusanya maoni kuhusu mfumo wa vyama, takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Wengi katika ile asilimia 80 walikuwa wametaka mabadiliko makubwa ndani ya mfumo wenyewe, na tume ilisikiliza sababu zao badala ya kuhesabu vichwa tu. Naona walifanya uamuzi sahihi. Lakini nauogopa mlango huo, kwa sababu kiongozi anayeweza kuzisoma sababu vizuri akafuata wachache anaweza kufuatwa na mwingine atakayezisoma kwa faida yake.

Narudi nyumbani, kwa jambo linaloniuma zaidi. Juni 2024 vijana wa Kenya waliukataa Mswada wa Fedha. Waliusoma, wakautafsiri kwa Kiswahili na lugha za mama, wakawaandikia wabunge, wakapeleka maoni kwa kamati. Tarehe 25 Juni wabunge 195 wakaupitisha, 106 wakaukataa. Siku hiyo watu waliingia Bungeni, na makumi ya Wakenya waliuawa katika maandamano ya wakati ule. Kesho yake rais akatangaza kwamba hatautia saini.

Matakwa ya watu hayakuwa na shaka hata kidogo. Lakini hebu tafuta katika Katiba yetu ni chombo gani kingeweza kuyapima bila mtu kupigwa risasi. Kifungu cha 257 hakikuwafaa, kwa kuwa ni cha kubadilisha Katiba tu. Kifungu cha 119 kinakuruhusu kupeleka ombi Bungeni, hata ukiwa peke yako, lakini anayelijibu ni Bunge lilelile unalolilalamikia. Kwa sheria ya kawaida, iwe ya kodi, ya nyumba au ya bima ya afya, hatuna njia yoyote ya kusema: simamisheni, tuipigie kura. Tumepewa nyundo ya kubomolea ukuta na hatuna hata bisibisi.

Uswisi wanayo. Bunge lao likipitisha sheria, raia wana siku 100 za kukusanya saini 50,000, na zikitimia, sheria inakwenda kwa kura ya nchi nzima. Saini pale hazidai kwamba nchi imekubali au imekataa. Kazi yake ni kubisha hodi. Kura ndiyo inayotoa jibu, na walioitisha kura hushindwa mara nyingi tu. Hapo saini zimepewa mzigo zinaoweza kuubeba. Sisi tumezipa saini kazi ya kuwa ushahidi wa matakwa ya taifa, ndiyo maana BBI ilikimbilia milioni 4 wakati sheria inataka moja.

Najua hoja itakayoletwa, nayo ni gharama. Wakati wa BBI tume ilikadiria kura ya maamuzi ingegharimu shilingi bilioni 14, na Raila akasema inaweza kufanyika kwa bilioni 2. Tuchukue hata hesabu ya tume. Si lazima kura ipigwe katikati ya mwaka, peke yake. Mkenya akienda kupiga kura hupewa karatasi sita, ya rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wa wadi. Sheria iliyopingwa kwa saini za kutosha, tuseme 200,000 kutoka angalau nusu ya kaunti, zilizotiwa mbele ya karani wa tume katika ofisi ya eneobunge badala ya kibandani, inaweza kusimamishwa hadi siku hiyo na kuwekewa karatasi ya saba. Kwa sheria za fedha, ambazo haziwezi kungoja miaka mitano, Bunge lipewe nafasi ya kuzifuta lenyewe kabla kura haijaitishwa. Nina hakika mara nyingi lingezifuta. Kubadilisha Katiba ili iruhusu hayo, bila kulisubiri Bunge lianzishe, kunahitaji Kifungu cha 257, na kwa hiyo milioni moja ya saini. Vijana waliokuwa barabarani 2024 wanazo, na uchaguzi ni Agosti 2027. Wakianza kukusanya, nitakuwa mstarini. Nitauomba mswada kwanza, niusome hadi mwisho, ndipo nitoe kitambulisho.